Barafu Yangu Haikufika Hata Nyumbani

Mimi jamani na barafu hatuna bahati. Juzi umeme umekatika alfajiri, jioni mama watoto kanituma barafu ya kuwalaza samaki. Nikanunua pande zima, nikalitia kwenye kiroba, nikapanda nalo bodaboda. Nafika nyumbani nina nini? Kiroba, na suruali imeloa nyuma. Jirani kauliza, "Baba Zuhura, na ukubwa huo?" Nikapita kama sijasikia.

Usiku feni haizunguki, ndipo nikamkumbuka Mmarekani mmoja, Frederic Tudor, roho ikaniuma zaidi. Mwaka 1833 alipakia tani 180 za barafu pale Boston, kwenye meli ya tanga, kwenda Calcutta, India. Miezi minne baharini! Ikweta meli imeivuka mara mbili, na bado zikafika tani kama 100. Mimi dakika 20 tu, nimefikisha maji, tena ya kwenye suruali.

Mashine ya kugandisha hakuwa nayo. Kipupwe kikishika, ziwa la Fresh Pond, jirani na Boston, linakuwa jiwe. Farasi anakokota chombo chenye meno kama jembe, alichokibuni Nathaniel Wyeth, kinachora barafu miraba kama bao la drafti, wanaume wanamalizia kwa misumeno. Vipande vikinyooka hivyo vinabanana, hewa haipenyi. Halafu wanavifukia kwa maranda.

Maranda! Seremala yuko nyumba ya tatu kutoka kwangu, kila jioni anayachoma, moshi wote sebuleni kwangu. Kumbe miaka yote nakohoa mali.

Tudor mwenyewe walimcheka. Mwaka 1806 alipeleka shehena ya kwanza kisiwa cha Martinique, huko Karibiani, wenyeji hawana pa kuitunza, ikayeyuka wakiitazama. Kala hasara, baadaye hadi jela ya madeni kaionja. Hapo nikamwonea huruma, kidogo.

Asubuhi nikaenda kwa seremala na kiroba changu. "Umefuga kuku?" Nikasema hapana, ya barafu. Kanitazama juu mpaka chini, kisha akasema, "Mia tano." Jana alikuwa akiyachoma bure! Nikalipa.

Mama watoto, ambaye usiku samaki alishawatia chumvi, kachungulia kirobani. "Afadhali umeleta, mkaa umeisha." Kayashindilia yote kwenye jiko, kakaanga samaki hadi wa mwisho. Moshi ukajaa sebuleni, safari hii wa kununua.