Mo Ibrahim alianzisha Celtel akiwa amevuka hamsini

Ukitaja jina la Mo hapa Dar es Salaam, wengi watadhani unamzungumzia mfanyabiashara Dewji na timu yake ya Simba. Ninayetaka kumwandika ni Mo mwingine: Mohammed Ibrahim, mhandisi Mnubi mzaliwa wa Sudan, mwanzilishi wa kampuni ya simu ya Celtel. Kuna watu chungu nzima Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo waliotumia laini ya kampuni yake miaka nenda miaka rudi bila kujua kwamba aliyeianzisha ni Mwafrika. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, miaka miwili baadaye Wahindi wa Bharti wakainunua ikawa Airtel, vibanda vikapakwa rangi upya kila mara, na habari za mwanzilishi zikafunikwa na rangi hizo.

Nimeamua kumwandika kwa sababu ya semina. Kila mwezi kuna semina ya ujasiriamali wa teknolojia mahali fulani mjini, na vijana wanaotoka huko nikiwauliza walichojifunza hunieleza jambo moja: wazo. Pata wazo zuri, lifuate, shule itasubiri. Wanatajiwa Zuckerberg na Gates walioacha chuo Harvard. Kijana wa Mbeya anayehangaika na kompyuta ya kuazima anarudi nyumbani akiamini kwamba akifika miaka 25 bila kampuni, treni imeshaondoka. Hilo linaniuma, maana ni uongo, na katika bara letu mfano mkubwa kuliko yote unaonyesha kinyume chake.

Mo Ibrahim alizaliwa mwaka 1946. Familia yake ilihamia Misri akiwa mdogo, akakulia Alexandria, akasoma uhandisi wa umeme katika chuo kikuu cha mji huohuo, kisha akarudi Sudan kufanya kazi katika shirika la simu la serikali. Mwaka 1974 alikwenda Uingereza. Alichukua shahada ya pili Bradford na ya udaktari Birmingham, na somo lake lilikuwa mawasiliano ya simu za mkononi. Ziangalie tarehe hizo vizuri. Alikuwa anasomea kitu ambacho Uingereza yenyewe haikuwa nacho madukani. Mitandao ya kwanza ya simu za mkononi nchini humo ilifunguliwa Januari 1985, na mmoja wa mitandao hiyo miwili, Cellnet, ulikuwa kwa sehemu kubwa wa British Telecom, ambako Ibrahim alikuwa ameajiriwa tangu 1983. Yeye ndiye alikuwa mkurugenzi wa ufundi.

Kazi yenyewe inastahili kuelezwa, kwa sababu ndiyo mtaji wake halisi. Masafa ya redio ambayo kampuni ya simu inapewa na serikali ni machache. Mnara mmoja ukirusha masafa yote kwa nguvu juu ya mji mzima, watu wachache tu wataongea na waliobaki watasubiri. Dawa yake ni kuugawa mji katika vijieneo vingi, kila kimoja na mnara wake wa nguvu ndogo, halafu masafa yaleyale yakatumika tena vijieneo viwili vitatu mbele, pasipo kugongana. Kwenye karatasi ni rahisi. Mtaani kuna majengo ya ghorofa yanayorudisha mawimbi, kuna vilima, kuna miti na mabonde, na mtu anatembea na simu yake kutoka kijieneo kimoja hadi kingine akitaka mazungumzo yasikatike. Kujua mnara ukae wapi na uelekezwe upande gani kulihitaji hesabu ambazo wakati huo watu wachache sana duniani walizimudu. Ibrahim alikuwa mmoja wao.

Mwaka 1989, akiwa na miaka 43, aliacha kazi. Mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba urasimu wa shirika kubwa ulimchosha na kwamba hakuwahi kujiona kuwa mfanyabiashara. Alianzia kazi nyumbani kwake, kampuni akaiita Mobile Systems International, MSI kwa kifupi, ya ushauri na ya programu za kupangia mitandao ya simu. Nchi za Ulaya zilikuwa ndiyo kwanza zinagawa leseni za mitandao ya kidijitali, na kila aliyepata leseni alimhitaji mtu wa kumwambia minara aiweke wapi. Mwaka 2000 MSI iliuzwa kwa kampuni ya Marconi kwa zaidi ya dola milioni 900. Wafanyakazi walikuwa na sehemu kubwa ya hisa, na siku ya mauzo walipata mgao wao kama wenye mali. Jambo hili nitalirudia.

Celtel ilizaliwa humo humo ndani ya MSI. Katika miaka ya 1990 Ibrahim aliwashauri wakubwa wa kampuni za simu za Ulaya wachukue leseni za Afrika, kwani baadhi ya nchi zilikuwa zinazitoa karibu na bure. Anasimulia kwamba alimtajia mmoja wao Uganda, naye akamjibu: unataka niende mbele ya bodi yangu niseme nawekeza kwenye nchi ya yule kichaa Idi Amin? Sisi Watanzania tuliosikia habari za Vita vya Kagera tangu utotoni tunajua Amin aliondoka Kampala Aprili 1979, na nani aliyemwondoa. Bwana mkubwa wa Ulaya, na elimu yake yote, alikuwa nyuma kwa zaidi ya miaka kumi. Na kwa ujinga wa namna hiyo bara zima lilinyimwa simu, huku watu wetu wakisubiri miaka kuunganishiwa simu ya mezani, na wengi wakifa bila kuipata.

Ibrahim aliona kwamba wasipokuja wao, atakwenda yeye. Mwaka 1998, akiwa amevuka miaka hamsini, alianzisha kampuni ya kuendesha mitandao Afrika. Hakuwa na wazo ambalo wengine hawakuwa nalo. Kampuni ya simu ya Mobitel ilikuwa Tanzania tayari, na Waafrika kuhitaji simu halikuwa jambo la kugundua. Alichokuwa nacho ni miaka zaidi ya ishirini ya kujua mtandao unajengwaje, watu aliofanya nao kazi wakamwamini, na uwezo wa kupiga gharama bila kubahatisha. Alipoambiwa haiwezekani kuweka mnara mahali pasipo na umeme, alijua kinachotakiwa ni jenereta, dizeli, na mtu wa kuipeleka hiyo dizeli. Kongo, ambako barabara hazikuwepo, vifaa vya minara vilibebwa kwa helikopta. Kinshasa na Brazzaville zinatazamana, mto tu ndio umezitenga, lakini simu kutoka mji mmoja kwenda wa pili ilikuwa inazungukia Ulaya kwa setilaiti. Celtel iliunganisha kingo hizo mbili moja kwa moja.

Wateja wengi hawakuwa na akaunti benki wala mshahara wa mwezi, kwa hiyo kila kitu kikaenda kwa kulipa kabla, vocha za kukwangua, kila mtu kwa uwezo wake. Tunaokumbuka enzi za kubipu tunajua salio lilivyohesabiwa. Zambia, mwaka 2002, kampuni ilijaribu huduma ya malipo kwa simu iliyoitwa Celpay, miaka mitano kabla ya M-Pesa kuzinduliwa Kenya. Haikushika kama M-Pesa ilivyoshika, lakini inaonyesha walikuwa wanatazama wapi. Na mwezi Septemba 2006, kampuni ikiwa imeshauzwa lakini Ibrahim bado ni mwenyekiti, Celtel iliondoa gharama za ziada kwa wateja wanaovuka mipaka ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mfanyabiashara wa Namanga au Mutukula alivuka na laini yake na kuongezea vocha upande wa pili. Serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kuhusu eneo moja la mtandao mwaka 2014. Miaka minane baadaye.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa, na ambalo semina hazilitaji kabisa. Biashara ya simu huanzia kwenye leseni, na leseni iko mkononi mwa waziri. Kila aliyefanya biashara katika nchi zetu anaijua sentensi inayofuata. Ibrahim aliweka kanuni: malipo yoyote ya zaidi ya dola 30,000 lazima yaidhinishwe na bodi. Ukiisikia haraka unaweza kuiona ni ya kihasibu tu. Lakini jiweke mahali pa meneja wa Celtel katika mji mkuu fulani, umekaa mbele ya ofisa anayekuomba shukrani kabla ya kusaini. Meneja huyo hana haja ya kujifanya malaika wala kumkosea heshima mzee. Anasema tu ukweli: hela hiyo siwezi kuitoa, lazima iende bodi, iandikwe, ijadiliwe na watu wazito wenye majina ya kulinda. Na ofisa huyo hataki jina lake liandikwe popote. Mzigo umetoka kwenye dhamiri ya mtu mmoja na kuwekwa kwenye utaratibu. Mimi naamini kanuni hiyo ina thamani kuliko hotuba zote za kupinga rushwa nilizowahi kusikia, na sioni kwa nini kampuni changa ya Dar au Nairobi isiiandike kwenye katiba yake siku ya kwanza, kwa kiwango kinacholingana na mfuko wake.

Mwaka 2005 Celtel ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 5 katika nchi 13. Ikauzwa kwa kampuni ya Kuwait, MTC, kwa dola bilioni 3.4. Kama kule MSI, wafanyakazi walikuwa na hisa, na wengi wa wafanyakazi hao walikuwa Waafrika.

Hapo furaha yangu inachanganyika. Mabenki yalikataa kuikopesha Celtel kama yanavyokopesha kampuni za Ulaya, hivyo ilijengwa zaidi kwa kuuza hisa kwa wawekezaji, wakiwemo taasisi kama CDC, mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Uingereza. Fedha ilitoka nje, na sehemu kubwa ya faida ikarudi nje. Mkulima wa Morogoro aliyekwangua vocha hakuwa na njia ya kumiliki hata hisa moja. Na hapa Tanzania hadithi ina mafundo yake. Mwaka 2001 kampuni mama ya Celtel, wakati huo ikiitwa MSI Cellular, na Wajerumani wa Detecon walinunua asilimia 35 ya TTCL, shirika la simu la Tanzania, na Celtel Tanzania ikaanzia ndani ya shirika hilo la umma, kabla ya kutenganishwa mwaka 2005. Utengano huo uliacha kinyongo. Desemba 2017 Rais Magufuli alidai hadharani kwamba Airtel ni mali ya TTCL, kampuni ikakana, na mwaka 2019 mvutano ukaisha kwa serikali kuongezewa hisa kutoka asilimia 40 hadi 49. Anayemsifu Mo Ibrahim, kama mimi, hana budi kuyasema na haya. Kanuni ya dola 30,000 ilizuia hongo. Haikutosha kuwafanya wananchi waone kwamba mgao ulikuwa wa haki.

Baada ya kuuza alianzisha taasisi yake mwaka 2006, na dunia sasa inamjua zaidi kwa tuzo ya marais, ambayo ilipoanzishwa ilikuwa dola milioni 5 kwa miaka 10, kisha dola 200,000 kila mwaka maisha yote, kwa kiongozi aliyechaguliwa kihalali, akaongoza vema na akaondoka muda wake ulipokwisha. Chissano wa Msumbiji alikuwa wa kwanza, mwaka 2007. Wakafuata Mogae wa Botswana, Pires wa Cape Verde, Pohamba wa Namibia, Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia, Issoufou wa Niger. Miaka mingi kamati, ambayo iliwahi kuongozwa na Kofi Annan na baadaye mzee wetu Salim Ahmed Salim, haikumpa mtu yeyote. Naheshimu msimamo huo wa kutogawa tuzo kwa kujaza nafasi, na takwimu za utawala ambazo taasisi hiyo huzitoa zinatusaidia sana sisi tunaoandika. Lakini tuzo yenyewe sikubaliani nayo. Inamlipa mtu kwa kutofanya jambo aliloapa kutolifanya, na mtu huyo tayari ana pensheni, nyumba na walinzi.

Kama ningepewa nafasi ya kumwomba Dakta Ibrahim jambo moja, ningemwomba afungue majalada ya Celtel. Atuonyeshe mikataba ya hisa za wafanyakazi ilivyoandikwa: fundi wa jenereta alipata kiasi gani, baada ya miaka mingapi, na akiacha kazi ilikuwaje. Atuonyeshe barua za maombi yaliyofika bodi yakakataliwa, hata kama majina yatafichwa. Wanafunzi wa uhandisi na biashara pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makerere na Nairobi wasome nyaraka hizo darasani kama wanasheria wanavyosoma hukumu. Wahandisi wetu wanaolala porini kulinda mitandao isizime wanaajiriwa kupitia makandarasi wa makandarasi, kwa mikataba ya miezi michache, na hakuna hata mmoja ninayemfahamu mwenye hisa katika kampuni anayoihudumia. Sheria ya mawasiliano iliwataka wenye mitandao wauze asilimia 25 ya hisa kwa umma, na Vodacom ikaorodheshwa soko la Dar es Salaam mwaka 2017. Umma ulikumbukwa. Anayepanda mnara usiku wa mvua naye atengewe fungu lake, na liandikwe kwenye mkataba wa ajira kabla hajafunga mkanda wa kupandia.