Kupokea tu? Mimi nimeona vingine

Nimesoma makala kuhusu ndoa, na mwandishi wake anasema kazi ya mwanamume ni kutoa, na ya mwanamke ni kupokea na kushukuru. Haya. Mwaka juzi mume wangu alivunjika mguu, bodaboda ikakaa ndani miezi mitano. Kodi, unga, mpaka vocha yake, vyote vilitoka kwenye kikaango changu cha vitumbua. Na yeye? Saa kumi alfajiri yuko juu ya mbuzi, mguu wa plasta kaunyoosha kwenye ndoo iliyofunikwa, anakuna nazi. Hakuna aliyemtuma. Wallahi nazi zile nilizithamini kuliko hela.

Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 haisemi mume pekee ndiye wa kutunza. Mke mwenye uwezo anatakiwa amtunze mume aliyeshindwa kujitafutia kwa maradhi au majeraha. Na 1983 Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Mchango, ndugu mwandishi, siyo "kusaidia".

Mguu umepona sasa, nazi bado anakuna. Kumenya iliki ndiko kanigomea, eti kunamuumiza kucha.