Plato na visasili: mwalimu akisema ni hadithi, na asiposema

Katika kitabu chake Jamhuri, Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anawakemea washairi Homer na Hesiod kwa kusimulia miungu wanaodanganyana na kupigana, Kronos akimhasi baba yake. Mtoto, anasema, hajui kutenganisha fumbo na lisilo fumbo, na linalomwingia angali mdogo halitoki. Halafu kitabu hichohicho, baada ya hoja juu ya hoja, kinamalizika kwa kisasili, kisa cha Er.

Wapo wanaosema hapo mwanafalsafa aliishiwa. Hata Aristotle, mwanafunzi wake, aliyekiri kwamba mpenda visasili ni mwanafalsafa kwa namna fulani, aliandika kwamba wanaojenga fikra kwa visasili hawastahili kuchunguzwa kwa dhati. Shutuma hiyo ina uzito. Hoja utaipinga kwa hoja. Hadithi utaipinga kwa nini?

Lakini kitazame kisa chenyewe. Er, askari aliyeuawa vitani, anazinduka siku ya 12 juu ya kuni za kumchomea, akaeleza alivyoona roho zikipiga kura kuchagua maisha yajayo. Wa kwanza anarukia utawala wa mabavu mkubwa kuliko wote, asione kwamba humo ameandikiwa kuwala watoto wake. Akigundua, anajipiga kifua na kuilaumu bahati, na miungu, na kila kitu ila nafsi yake. Wala hakuwa mwovu: aliishi katika mji wenye utaratibu, akatenda mema kwa mazoea tu. Odysseus, shujaa wa Homer, mwenye kura ya mwisho, anatafuta sana maisha ya mtu wa kawaida asiye na makuu, akayakuta yametupwa pembeni. Kwamba wema wa mazoea hautoshi, ningeweza kuisoma hoja hiyo nikaisahau. Yule anayejipiga kifua simsahau.

Tena Socrates, mwalimu wa Plato na msemaji katika vitabu hivi, mwenyewe anakiita kisasili. Katika Phaedo, kitabu kingine cha Plato, siku ya kunywa sumu mwaka 399 KK, anasimulia safari ya roho kisha anakiri kwamba mwenye akili hatashikilia kuwa mambo yako vivyo hivyo.

Hadithi ya madini, nayo ya Jamhuri, haina ungamo hilo, haina hata paukwa. Raia waambiwe mungu aliwatia watawala dhahabu, wasaidizi wao fedha, wakulima na mafundi chuma na shaba, nao waamini. Watetezi wanakumbusha kuwa mtoto wa dhahabu aweza kuzaliwa na wazazi wa chuma, akapandishwa. Ni kweli, na si jambo dogo. Ila inafaa kazi pale tu msikilizaji asipojua kuwa ni hadithi, na hapo naona Plato aliteleza. Socrates anasitasita kabla ya kuitamka. Akiuliza kama kuna njia ya kuwafanya watu waiamini, Glaucon, anayezungumza naye, anajibu: hawa hapana, labda watoto wao.