Presha Inasingiziwa Bure

Bomba likitoboka uani, mtaa mzima unageuka fundi. "Presha hiyo! Wamefungulia maji usiku!" Maskini presha, inasingiziwa kama panya kwenye nyumba yenye watoto.

Haya, tupige hesabu. Bomba la chuma la nusu inchi, lile lililopakwa zinki, la unene wa wastani, ukuta wake ni milimita 2.6. Tuseme kutu imeula ukabaki milimita 1 tu. Maji ya tangi lililoinuliwa mita 40 bado hayaliwezi: chuma hicho kinahimili zaidi ya mara 40 ya mzigo huo. Kwa hiyo kutu ingekula taratibu, pande zote, kama mgeni mwenye adabu, tungekaa miaka. Lakini kutu na adabu wapi na wapi? Inachagua pahala pamoja, inachimba kishimo mdomo wake kama punje ya mtama, inazama mpaka itokee ndani. Bomba lote zima, maji yanamwagika!

Na anayeisaidia ni fundi. Akikata nyuzi, ile mikato ya kuzungusha mwishoni mwa bomba, anachonga milimita 1.16 na zinki yote inakwenda nayo. Zinabaki 1.4 hivi, uchi, ndani ya udongo wa chumvi. Lori la mchanga likipita juu, bomba linapinda, na litavunjikia wapi kama si shingoni mwa soketi, kile kiungio cha mabomba? Dawa yake ni kusugua nyuzi zilizobaki nje, kuzipaka lami, zikikauka kuzizungushia tepu. Fundi amechoka, ana kazi kwingine, fukia!

Sasa unanunua kipande kipya cha mita moja, unakiunga katikati ya bomba zee. Kipya ndicho kinachooza kwanza! Zee limeshajivika gamba la kutu, kipya kinang'aa, na udongo wenye unyevunyevu unawageuza betri. Kipya kinaliwa, zee linalindwa. Ndiyo kijana aliyepata ajira jana, ukoo mzima umeshapiga simu.

Basi linakuja suluhisho la taifa: mpira wa baiskeli. Unavutwa, unafungwa fundo, juu pakavu, kila mtu anapongezana. Chini ya mpira unyevu umejifungia na kutu inaendelea na kazi yake. Siku ya mgao bomba likiwa tupu, tundu linafyonza tope la karibu na shimo la choo. Maji yakirudi asubuhi yana rangi ya chai, na bado mtu anasema, "Wameweka dawa."