Fonti Iliyochorwa kwa Printa Duni

Andika neno "Ili" kwa fonti ya mistari mitupu, hizi zilizojaa kwenye simu. Vinasimama vijiti vitatu kama uzio, kimoja tu kikiwa na nukta. Sasa hesabu sentensi za Kiswahili zinazoanza na Ili, Ilikuwa, Ilipofika. Kwa ujumbe wa maneno kumi haidhuru. Kwa riwaya ya kurasa mia tatu, jicho linachoka bila mwenyewe kujua limechokeshwa na nini.

Ndiyo maana kwa usomaji mrefu mimi ni mtu wa serifu, yaani herufi zenye vijino kwenye ncha zake. Na katika serifu za bure sihangaiki kutafuta: natumia Charter.

Matthew Carter, Mwingereza, aliichora mwaka 1987 kwa ajili ya kampuni ya Bitstream. Printa za leza za wakati ule zilichapa nukta 300 tu kwa inchi, na fonti za vitabu zenye mistari myembamba zilitoka zimekatika au zimevimba. Carter hakushindana na ubovu huo. Alipunguza mikunjo, akakata vijino vinene vyenye pembe, akaacha matumbo ya a na e yakiwa wazi. Michoro ya mistari iliyonyooka ilikula kumbukumbu kidogo ya printa pia, ingawa shida ya kumbukumbu haba ilipata dawa nyingine muda si mrefu. Umbo likabaki. Nadhani bahati yake iko hapo: herufi iliyozaliwa kwenye dhiki haisumbuliwi na skrini hafifu wala mwanga uliopunguzwa usiku.

Mwaka 1992 Bitstream iliitoa mitindo yake minne (wa kawaida, wa mlazo, mzito, na mzito wa mlazo) kwa leseni inayoruhusu kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza. Shirika la SIL, linaloshughulikia lugha, likaijenga juu yake Charis SIL, yenye herufi na alama za lugha nyingi ambazo fonti za kawaida huzisahau. Kompyuta za Apple huja na Charter tayari, na wengi wanaozimiliki hawajawahi kuifungua.

Wapenzi wa EB Garamond watanibishia. Nayo ni ya bure, na inafuata herufi za Claude Garamont wa karne ya 16. Kwenye karatasi nzuri naivulia kofia. Kwenye skrini ndogo ile mistari yake myembamba inafifia kama wino uliochuja. Times New Roman hata siitaji kwa kusoma kirefu. Ilitengenezwa kwa safu nyembamba za gazeti la The Times la London, lililoanza kuitumia mwaka 1932, na bado inajibana kana kwamba inaogopa kumkanyaga jirani.

Charter ina ila yake. Ukiikuza iwe kichwa cha habari, inaonyesha mabega ya mpagazi. Iache kwenye aya, huko ndiko kwake.

Ukishaiweka, legeza nafasi kati ya mistari na usinyooshe ukingo wa kulia. Maneno yetu ni marefu: "wasipotushirikisha" likikosa nafasi linashuka zima zima mstari wa chini, na kule lilikotoka maneno yanavutwa mpaka kila pengo linatosha kupitisha mkokoteni.