Geji ya Oili na Kanzu ya Mjomba

Ile taa nyekundu ya dashibodi yenye picha ya birika huleta taarifa maiti akishaoshwa. Swichi yake hungoja presha ya oili ishuke hadi psi chache mno (psi ni kipimo cha presha) ndipo iiwashe, na injini yenye turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, haina subira hiyo. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukiwa umeelea juu ya utando wa oili. Utando ukikatika unasikia mluzi, unaona moshi wa buluu, unaanza kutafuta mteja wa kochi. Kwa hiyo nilipopata Subaru Forester ya turbo niliapa kuifunga geji ya presha ya oili, tena kwa mkono wangu.

Kosa la kwanza lilikuwa la mfuko. Kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, nilikuta aina mbili. Ya umeme, sensa inabaki kwenye injini na ndani ya gari zinaingia waya tu. Ya mrija, oili yenyewe, na presha yake yote, inasafiri ndani ya mrija mwembamba wa nailoni hadi nyuma ya geji, yaani juu ya miguu ya abiria. Ya mrija ilikuwa nusu bei. Unajua niliyoichukua.

Kwenye injini za EJ, aina iliyomo kwenye Subaru yangu, swichi ya oili imejificha chini ya oltaneta. Unachomoa kwanza waya hasi wa betri, maana ule waya mnene wa oltaneta una umeme muda wote, na spana ikigusa bodi utaona fataki za Mwaka Mpya mwezi wa Juni. Unatoa kava ya belti, unalegeza belti, unaitoa oltaneta, swichi hiyo hapo.

Halafu hesi, yale meno ya skrubu. Hapa mafundi wengi wamezikwa. Tundu la Kijapani la moja ya nane ya inchi lina hesi 28 kwa inchi. Viungio vya shaba vilivyokuja na geji yangu ni vya Kimarekani, hesi 27. Tofauti ni moja tu, ndiyo maana inadanganya: kiungio kinaingia raundi mbili, tatu, kisha kinakaza kama kimefika. Hakijafika, kimekwama. Ukikilazimisha, shaba inakatikia ndani au bloku ya alumini inapasuka, na bloku haiuzwi kwa kilo. Fundi wa jirani akaniambia, "Kaza tu bosi, vitazoeana." Nilimtazama kwa huruma, nikazunguka saa mbili kutafuta adapta sahihi.

Tepu nyeupe ya mafundi bomba nikazungusha raundi mbili tu, nikaacha hesi mbili za mwanzo wazi. Kipande cha tepu kikiingia kwenye njia ya oili kinaweza kwenda kuziba kichujio kidogo cha oili ya turbo. Na ukizungusha tepu nyingi, swichi inakosa ethi kwenye bloku, taa haitawaka hata injini ikiwa kavu kama kaukau. Nikafunga tii: upande mmoja swichi ya zamani, upande wa pili mrija. Mrija wenyewe nikauvisha hosi ya mpira, nikaupitisha mbali na turbo, nikauingiza ndani kupitia mpira wa tundu la waya ili bati lisiukate. Kwa kweli nilijipongeza.

Ikabaki nati moja. Ndogo, ya spana namba 8, nyuma ya geji. Ndani yake kuna kipete cha shaba. Unasukuma mrija mpaka ugote, unakaza kwa vidole, kisha unaongeza kwa spana kiasi cha nusu raundi ili kipete kiung'ate mrija. Nilikuwa nimefika kwenye vidole simu ikaita.

"Mpwa, uko wapi? Mimi nimeshavaa."

Mjomba. Siku hiyo alikuwa mshenga, tunampeleka Bagamoyo kutoa posa ya mdogo wangu. Nikawasha injini: baridi, psi 70, hakuna tone. Nikafurahi. Furaha ndiyo iliyoisahau spana.

Nilimkuta amesimama barazani, kanzu nyeupe pe, imepigwa pasi hadi unaogopa kuisalimia.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Na hii saa ya nini?"

"Si saa, Mjomba. Inapima presha."

"Mimi nina presha mwaka wa nane, hakuna aliyenifungia saa."

Kwenye foleni ya Mwenge, injini ikiwa imepata moto, geji ilisoma 15. Nikamweleza kwamba hiyo ni sawa: oili ya moto ni nyepesi, na kipimo cha mtaani ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Mjomba akajibu kwa kufumba macho.

Tulipita Bunju, matuta yakatutikisa, jua likaoka dashibodi, na nailoni ikipata joto hulegea. Karibu na Mapinga nikataka kulipita lori la mchanga. Nikakanyaga, turbo ikaitika, mshale ukapanda hadi 60. Kisha ukaanguka sifuri.

Sifuri! Nikatazama taa ya birika: haijawaka. Kwa nusu sekunde nikawaza hiyo taa ndiyo mbovu. Ndipo Mjomba akafumbua macho.

"Mpwa, umeniletea maji ya kunawa miguu?"

Mrija ulikuwa umechomoka kwenye kipete, unamwaga oili nyeusi, ya moto kama chai ya maziwa, kuanzia kiatuni hadi kwenye pindo la kanzu. Taa haikuwaka kwa sababu injini ilikuwa na presha yake kamili. Ndiyo hiyo iliyokuwa ikisukuma oili kwenye miguu ya mshenga. Geji niliyoifunga inionye oili ikipungua ndiyo iliyokuwa inaipunguza.

Nilizima injini hapo hapo, nikajisogeza hadi pembeni. Kwa mrija wa namna ile inatoka kama nusu lita kwa dakika, na injini nzima ina lita nne na kidogo. Kijana wa bodaboda akaniazima spana namba 8 na wembe. Nikakata ncha ya mrija iliyochubuka, nikaisukuma hadi ikagota, nikakaza vidole, nikaongeza nusu raundi. Nusu raundi! Sekunde nne za kazi. Kijiti kikaonyesha oili iko katikati ya alama mbili, nikaongeza nusu lita ya 20W-50 ya dukani, siyo aina ya gari langu, lakini njiani huchagui.

Mjomba alikuwa amekaa chini ya mwembe, kanzu imekunjwa hadi magotini.

"Sasa nitasema nini kwa wakwe?"

"Sema tulipata pancha, Mjomba."

"Pancha ya kisima cha mafuta?"

Aliingia vile vile. Baadaye nilisikia babu wa bibi harusi aliinama, akanusa lile pindo, akauliza gari lina matatizo gani, na mazungumzo ya posa yakaanzia kwenye gasketi. Posa ilipokelewa.

Kurudi, Mjomba alikaa kiti cha nyuma, miguu juu. Wiki iliyofuata nilinunua ile geji ya umeme, nikampelekea aione kabla sijaifunga, kumtoa wasiwasi. Akaigeuzageuza, akashika waya mmoja, akaukamua kwa vidole viwili, akavinusa.

"Huu nao," akauliza, "unamwaga nini?"