Asal Uttar na Chawinda: nani alishinda vita ya vifaru ya 1965?

Mwulize Mhindi kuhusu vita ya Septemba 1965 kati ya India na Pakistan, atakutajia Asal Uttar. Mpakistani atakutajia Chawinda. Kila mmoja ana haki ya kujivunia alipotaja, ila hesabu ya mwenzake haisomi.

Asal Uttar ni kijiji cha Punjab ya India. Divisheni ya kwanza ya vifaru ya Pakistan iliuteka mji jirani wa Khem Karan ikiwa na vifaru vya Patton vya Marekani, wakati India bado ilitegemea pia vifaru vya Sherman vya enzi za Vita Kuu ya Pili. Wahindi walirudi nyuma, wakajipanga kwa umbo la kiatu cha farasi, kisha wakabomoa kingo za mifereji, maji yakajaa kwenye mashamba ya miwa. Patton zikazama kwenye tope. Injini inanguruma, minyororo inazunguka pale pale, na katikati ya miwa mirefu wapigaji wamejibanza wakingoja ubavu wa kifaru ugeuke. Abdul Hamid, askari wa India, Mwislamu wa jimbo la Uttar Pradesh, aliteketeza vifaru kadhaa kwa mzinga uliofungwa juu ya gari la Jeep, mpaka alipouawa tarehe 10. India inahesabu vifaru 97 vya Pakistan vilivyopotea, baadhi vikiwa vizima, vimetelekezwa.

Wapo Wapakistani wanaosema walishindwa na maji tu. Sikubaliani nao, maana maji hayo yaliletwa na mtu aliyeujua udongo ule. Lakini wanaposema Khem Karan ilibaki mikononi mwao hadi mapigano yaliposimama, wanasema kweli, na simulizi nyingi za India zinalipita jambo hilo haraka mno.

Upande wa Sialkot, ndani ya Pakistan, mambo yaligeuka. Sasa India ndiyo iliyoshambulia, tena kwa Centurion, vifaru imara sana. Iliitwaa Phillora tarehe 11, ikakwama Chawinda mbele ya Wapakistani waliokuwa wakiingoja, hadi mapigano yaliposimamishwa tarehe 23.

Ndiyo maana siamini kwamba ni ubora wa chuma au ushujaa wa taifa moja ulioamua. Pote pawili aliyengoja alimzuia aliyekuja.

Januari 1966, huko Tashkent katika Muungano wa Kisovyeti, India na Pakistan zilikubaliana majeshi yao yarudi walikokuwa kabla ya tarehe 5 Agosti. Khem Karan ikarudi India, Phillora ikarudi Pakistan.